Soksi Namba Saba

Ain el-Remmaneh,
Jumanne, 11 Mei 1999

Kaka yangu mpenzi Nakhle,

Nisamehe kwanza, ndipo uendelee kusoma. Tangu sikukuu ya Mtakatifu Barbara sijakuandikia hata mstari mmoja, na barua yako ya mwezi wa pili imekaa juu ya kabati la vyombo miezi miwili na zaidi, naipangusa vumbi na kuirudisha palepale. Ningeweza kuwasingizia watoto na nisingekuwa nimedanganya sana, maana Jad alipata tetekuwanga, alipopona akamrithisha Rima, na mimi mwenyewe nimekuwa nikilala nimekaa. Lakini wewe unanijua. Mtu mwenye nia ya kuandika huandika hata juu ya karatasi ya kufungia jibini. Sikuandika kwa sababu sikuwa na uso wa kukuandikia.

Haya, hamjambo huko juu? Mama anaendeleaje, na jicho lake je? Usishangae nimejuaje habari za jicho, nitafika huko. Wifi Siham miguu imeacha kumvimba? Mizabibu imeshachipua, au baridi ya Aprili imeunguza macho yake tena kama mwaka juzi? Sisi hapa ni wazima, Mungu ashukuriwe. Ghattas wangu yuko bado Abijani kwenye duka la vitambaa la binamu yake. Hupiga simu Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kwa yule mwenye duka la simu pale kona, na mimi husimama kwenye foleni na watoto wawili ili nimsikie akiuliza mara tatu kama namsikia. Nikishamjibu kuwa namsikia, dakika zimekwisha.

Jumapili nyingine ndizo ndefu. Jiko langu linatazama lile shimo la katikati ya jengo ambamo majiko yote hufungulia madirisha yao, kwa hiyo chakula cha mchana cha familia kumi na mbili hupitia kwangu kwanza: vitunguu vya ghorofa ya pili, kebe za nyama na ngano za kukaanga za ghorofa ya tano, sahani zikigongana, watoto wakikemewa, mtu akicheka mpaka anakohoa. Mimi huwalisha hawa wawili nimesimama, kisha nakula walichobakiza. Nikiwa na divai ya kidole kimoja iliyosalia kazini dukani, nainywa pale dirishani na kumweleza Rima kwamba hii ina ukakasi wa chai iliyolala, na ile ni ya leo tu, kesho itakuwa siki. Rima ana mwaka mmoja na miezi tisa, lakini husikiliza vizuri. Ukiacha wateja, ndiye ninayezungumza naye zaidi.

Sasa nije kwenye barua yako. Wakati wa Krismasi uliniandikia kwamba usipopata mnunuzi wa kudumu mwaka huu, utaifunga nyumba na kumfuata Mjomba Wadih Sao Paulo, na Mama utamchukua ukimwimbia nyimbo za njiani kama mtoto. Halafu mwezi wa kwanza, bila kuniambia, ukampa Mitri wa lori chupa sita amletee Bwana Shukri, mwenye duka ninalofanyia kazi, ziingie kwenye uteuzi wake wa mwaka. Hukuniambia kwa sababu hukutaka watu waseme dada kambeba kaka mgongoni. Angeichagua, angechukua kreti mia mbili, yaani yote uliyo nayo, na mwakani tena, na mwaka wa tatu. Jibu likaja kwamba divai ilipendwa lakini imekataliwa kwa neno la mwonjaji mmoja. Ukaandika kwamba ulimi wa mtu huyo ukauke kama ngozi ya mbuzi juani. Mama naye akaongeza yake chini ya karatasi kwa mkono wake mwenyewe, mistari ikipanda na kushuka, na yake yalikuwa makali kuliko yako. Kisha ukaniambia, wewe uko palepale, unaosha glasi zao, nitafutie jina. Jina tu.

Jina nitakupa. Lakini nataka kwanza ujue kazi yenyewe inavyofanywa, maana asiyeijua hudhani ni watu wanne wamekaa kwenye viti wanakunywa bure.

Bwana Shukri hauzii matajiri. Wateja wake ni walimu, madereva wa teksi, mafundi bomba, wajane wanaopokea mwana na wakwe siku ya Jumapili. Yeye husema divai ya bei mbaya ikiwa nzuri haina cha kujisifia, imelipwa ili iwe nzuri. Sifa ni ya ile rahisi iliyojitahidi. Kwa hiyo kila mwaka kabla ya Kwaresima hukusanya divai nyekundu ambazo mtu wa kawaida anaweza kununua bila kumficha mkewe, anachagua moja, na hiyo ndiyo huiweka mlangoni kuanzia Pasaka. Watu huichukua bila kuuliza. Wanasema tu, nipe ile ya mlangoni. Wanamwamini kuliko mfamasia.

Waonjaji ni wanne. Yupo yeye mwenyewe. Yupo Fundi Hagop, Mwarmenia aliyekuwa akimimina vinywaji miaka thelathini katika hoteli moja ya ufukweni hata vita vikaifunga, na ulimi wake haujafungwa hadi leo. Yupo Bibi Marsel, mshonaji, mjane, ambaye husema hajui kitu kisha hakosei. Wa nne alikuwa mpwa wa Bwana Shukri, naye alihamia Kanada miaka miwili iliyopita.

Chupa hufunikwa kwa soksi za sufu. Dada yake Bwana Shukri alizifuma kwa ajili ya wajukuu ambao hawakupatikana, basi zikapata kazi hiyo, na kila soksi ina namba iliyobanwa kwa pini. Mwonjaji anaangalia rangi kwenye karatasi nyeupe, ananusa, anaonja, anatema ndooni, halafu haandiki alama kama mwalimu. Anaandika bei. Yaani kama fedha ingekuwa yako, na umeitolea jasho, ungeilipia chupa hii kiasi gani na roho yako ikabaki safi? Hiyo ndiyo unaandika, unakunja karatasi. Mwishoni Bwana Shukri anafungua bahasha yenye bei halisi, na ile ambayo watu wangeilipia zaidi ya inavyouzwa, kwa tofauti kubwa kuliko zote, ndiyo mshindi. Kuna sharti moja. Mwonjaji akigundua ugonjwa ndani ya divai, anaandika sufuri, divai hiyo inatolewa shindanoni, na lazima aseme sababu kwa sauti kabla soksi hazijavuliwa, ili isije ikasemwa ni uadui.

Mwaka huu ilikuwa Jumatatu asubuhi, wiki ya kwanza ya Februari. Tulizima jiko la mafuta ya taa kwa sababu ya harufu yake, tukakaa na makoti. Bibi Marsel alikuwa amesahau akajipaka manukato, akapelekwa bombani kuosha shingo kwa maji ya barafu, akarudi akisema kwamba hata marehemu mumewe hakuwahi kumfanyia hivyo. Mezani palikuwa na mkate na maji basi. Jibini hairuhusiwi, Fundi Hagop husema jibini ni shahidi aliyehongwa, huitetea kila divai inayokaa karibu yake.

Zilikuwa soksi kumi na nne. Namba mbili ilinukia mbao na sukari iliyoungua, Fundi Hagop akasema hii imevaa suti ya kukodi. Namba nne akashauri iwekwe kwa ajili ya mwenye nyumba anapokuja kudai kodi. Namba tano Bibi Marsel aliiona tamu na laini, akaambiwa ndiyo, hata mama mkwe wiki ya kwanza huwa hivyo, akamjibu kwamba yeye alikosa mke siyo kwa bahati mbaya. Watu wakacheka. Namba sita ilikuwa ya heshima, nyepesi, ya kunywewa pamoja na dengu, haina makuu.

Halafu ikaja namba saba. Bwana Shukri alionja akaonja tena, na yeye akionja mara mbili ujue amependa. Bibi Marsel alisema ina ladha ya tunda la forosadi nyeusi na vumbi la barabara baada ya mvua ya kwanza. Fundi Hagop alinusa mara tatu, akasema kwa mara ya kwanza leo hana tusi. Akasema ina ukakasi wa kutosha kusimama mbele ya nyama ya kondoo, na nyuma kabisa kuna kitu kama shamari mwitu, majani ya mlimani, na kwamba huyu aliyeitengeneza ama ni mjanja sana ama ana shamba zuri sana. Wote watatu wakaandika wakakunja. Baadaye niliona: elfu saba, elfu saba na mia tano, elfu nane. Bei yako ndani ya bahasha ilikuwa lira elfu nne na nusu. Hakuna soksi nyingine iliyokaribia. Ilibaki karatasi moja tu, ya mwonjaji wa nne, na hata kama angeandika elfu tano ulikuwa umeshinda.

Mwonjaji wa nne aliandika sufuri.

Nakhle, jina uliloniomba ni Widad binti Tannous. Ni mimi. Siwaoshei glasi tu. Siku moja majira ya baridi ya mwaka juzi nilikuwa nyuma ya pazia nafuta glasi, nikainusa moja nikajisemea kwamba kizibo cha chupa hii kilikuwa na ugonjwa. Bwana Shukri alikuwa ametoka kuisifu chupa hiyo kwa mteja. Alipita pazia, akanusa, akamkimbilia mteja barabarani akaibadilisha. Kesho yake alinitengea glasi tatu badala ya kitambaa cha kufutia. Alisema pua yangu haikusomeshwa kwa hiyo haijaharibiwa. Nyumbani sikuwaambia kwa sababu Mama angesema ni aibu mke wa mtu kukaa na wanaume anatema divai ndooni, na Ghattas sikumwambia kwa sababu dakika zake hazitoshi.

Sikujua kuwa ni yako mpaka ilipofika puani. Ilipofika nilijua kabla ya kuionja. Ile shamari ya Fundi Hagop si ya mlimani. Ni anisi, zile mbegu za kutilia pombe ya araki. Ni mitungi ya Baba.

Uliiweka divai kwenye mitungi ya araki. Usibishe, kaka, mimi nimelelewa chini ya mitungi ile, nilikuwa najificha nyuma yake nikikimbia kuosha vyombo. Baba alikuwa akituambia mtungi uliokwisha kulala na araki haufundishwi tena divai, hata uuoshe kwa majivu na maji ya moto mwaka mzima. Unajua hilo kama mimi. Basi nikiwa bado nimeishika glasi nikajiuliza, kwa nini Nakhle afanye jambo analolijua? Na jibu lilikuwa moja tu: tangi la chuma la kuwekea divai halipo. Wewe kila barua unaniandikia kwamba kila kitu kiko kama Baba alivyokiacha, na mimi niko Beirut nimekaa kwenye kiti na koti, divai ikiniambia tangi limeuzwa.

Wiki ile nilimbana Mitri mpaka akasema. Kwamba tangi liliuzwa kabla ya mavuno yale ya kwanza baada ya Baba, kwa ajili ya upasuaji wa jicho la Mama, na kwamba mlikubaliana msiniambie kwa kuwa nilikuwa na kichanga. Mlikuwa mmekwisha kumzika Baba bila mimi, Rima ana siku tisa, na hilo nililimeza. Lakini la jicho hata sikupewa nafasi ya kulimeza. Sisemi haya nikulipize. Nasema ili ujue kwamba tumefichana wote wawili.

Sisemi kwamba ulitia maji. Ulizidiwa na mavuno ukakosa chombo. Zabibu zako zilikuwa nzuri. Hilo nalisema kama mwonjaji, siyo kama dada. Lakini chupa sita ulizoleta nina hakika ulizitoa kwenye mtungi wa dirishani, uliolala na araki mwaka mmoja tu. Ulichagua bora, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Kreti mia mbili zingetoka kwenye mitungi yote minane. Na hata hiyo ya dirishani, ikikaa chupani hadi Pasaka matunda yake yangepungua, anisi ingebaki. Ghorofa ya tatu kwenye jengo letu anakaa Baba Fuad, dereva wa teksi, ndiye mwenye vicheko vya kukohoa. Kila Pasaka hununua chupa sita za mlangoni, huzihesabu ngazi kwa ngazi akipanda nazo, na siku hiyo ndugu zake wa Damur huja, wale aliopatana nao baada ya vita. Nilimwona kichwani mwangu anafungua chupa, anamimina, na wote wanauliza kwa nini leo kondoo analiwa pamoja na araki ya rangi ya damu. Hatarudi kumlalamikia Bwana Shukri. Watu wa namna hiyo hawarudi kulalamika. Wanaona aibu tu, na mwakani hawaiamini tena ile ya mlangoni.

Nilisimama nikasema sababu kwa sauti, kama sharti lilivyo. Fundi Hagop alinicheka. Alisema Mama Jad leo amenusa sana, sasa ananusa hadi jirani. Nikamwambia mimi nikinunua samaki kwa fedha yangu humnusa kwanza, na divai huinusa vilevile. Akasema yeye ameshika glasi kabla mama yangu hajaposwa. Nikamwambia basi aiache hiyo aliyoishika iwe wazi hadi kesho. Bwana Shukri akakubali, akaiweka glasi juu ya rafu, akaifunika kwa karatasi ya kuzuia vumbi tu, matokeo yakasimama. Kesho yake asubuhi wote watatu walikuja. Forosadi zilikuwa zimekwenda. Anisi ilikuwa imekaa peke yake ndani ya glasi kama mgeni ambaye hajui wenyeji wameshalala. Fundi Hagop alinusa, akavua kofia, akaivaa tena.

Hapo ndipo Bwana Shukri alipovua soksi namba saba. Akasoma jina la kijiji, akasoma jina la Baba ambalo hukulibadilisha kwenye karatasi ya chupa, akanitazama. Akaniuliza kama hao ni watu wangu. Nikasema ni kaka yangu, tumbo moja. Akauliza nilijua lini. Nikasema kabla ya kuonja. Bibi Marsel akaniuliza, siyo kwa ubaya, mwanamke gani anamfanyia hivi kaka yake, si ungenyamaza tu mwanangu, nani angejua? Nilisema ningejua mimi, nikaenda kumchukua Jad shuleni.

Sasa nikuambie ambalo sikumwambia hata Bwana Shukri, na ndilo hasa lililonizuia kuandika. Sufuri haikuwa bei yangu ya kwanza. Ya kwanza niliandika elfu kumi na mbili. Sijawahi kuandika bei hiyo kwa divai yoyote, na sidhani kama nitaandika tena. Nilipoiweka mdomoni sikuitema, Nakhle. Niliimeza. Mara nikawa mtoto nimekaa chini ya mitungi, mikono yangu inanuka sabuni ya majivu, Baba yuko mlangoni ananitafuta huku anajifanya hajui nilipo, nawe unamwelekeza kwa kidole, mnafiki wewe. Kwa muda ambao mtu anaweza kushikilia funda moja sikuwa peke yangu. Nikaandika elfu kumi na mbili kwa sababu hiyo ndiyo ingekuwa haki ya roho yangu, na nikaikunja karatasi. Ndipo nikakumbuka kwamba naulizwa ingekuwa na thamani gani kwa mtu ambaye hakulelewa kwetu. Niliifungua nikakata kwa mistari miwili, nikaandika sufuri kwenye karatasi nyingine. Karatasi ile ninayo. Bwana Shukri ana ile ya pili tu.

Na nilikata huku najua. Barua yako ya Krismasi ilikuwa mfukoni mwa koti nililovaa. Nilijua kwamba huenda naifunga nyumba yetu kwa mkono wangu, na ukienda Sao Paulo sitakuwa na mahali pa kusema naenda kwetu. Nimelia, nisikufiche. Lakini ningeletewa ile soksi tena leo ningeandika hivyohivyo, na sitaiacha kazi hii. Unaweza kunikasirikia kwa muda unaotaka. Mama mwambie ulimi haujakauka, bado unaonja.

Sikiliza sasa, maana sikuandika ili nilie tu. Usiimwage na usiiuze kwa wale wanaochanganya divai za watu. Iliyo na anisi tayari imeshafika nusu ya safari. Itie kwenye mtambo uipike iwe araki, usingoje msimu, dishi la shaba la mtambo si lipo? Hilo Mitri kaniapia kuwa halikuuzwa. Nimezungumza na Bwana Shukri. Araki yake ya zamani ilikuwa ya mzee mmoja wa Zahle ambaye amefariki, na bado hajapata nyingine. Amesema mlete galoni moja mwezi wa tisa, itafunikwa soksi kama nyingine zote, nami siku hiyo nitakuwa nje ya chumba, hilo nimelitaka mwenyewe. Hakuahidi chochote. Mimi pia sikuahidi. Na mavuno yajayo, kama tangi halijapatikana, weka divai kiasi cha vyombo safi utakavyopata, zabibu zilizobaki wauzie wenye viwanda hata kama Baba hakuwahi kufanya hivyo. Baba alikuwa na tangi.

La Brazili sitakuzuia. Una mke na watoto. Naomba tu ukiamua, uniambie mwenyewe kwa barua, nisije nikaambiwa na Mitri.

Mbusu Mama mikono yote miwili, na jicho lile lililopasuliwa, na umsomee barua hii yote bila kuruka, hasa pale utakapotamani kuruka. Msalimu Wifi Siham, mwambie aweke miguu juu ya mto anapomenya mboga. Watoto wote wasalimu kwa majina yao. Jad anawasalimu, amechora lori la Mitri lenye magurudumu saba, nimeliweka ndani. Rima angewasalimu kama angewajua.

Ni mimi dada yako mdogo, anayekupenda na ambaye hajabadilisha neno,

Widad

Mitri anashuka Alhamisi ya wiki ijayo. Ukiona inafaa kunitumia kitu, haya ndiyo ambayo bado sina: mafuta ya zeituni, debe moja dogo, kishki ya Mama, ule unga wa mtindi na ngano, kilo mbili, ya Rima, maana ya dukani hapa anaitema, kondoo wa kukaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta yake, mtungi mmoja mdogo, hata ukiwa nusu, shira ya komamanga, chupa moja, majani ya zaatari, lakini ya mlima wa nyuma, siyo ya sokoni, viatu vya Jad vya baridi kama mwanao vimemkaa vidogo, namba ishirini na tisa, picha ya Baba yoyote ambayo hana tai. Na divai ile, kabla hujaipika, chupa tatu.